UBUNIFU: MAWAZO MAPYA HUTOKA WAPI?

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii tunaijua sote, tena wengi wetu tumeiandika katika insha si mara moja wala mbili. Lakini nikisikiliza mazungumzo yetu darasani na hata katika mikutano ya chama chetu cha Kiswahili, naona kana kwamba hatuiamini. Fulani akisoma shairi lake tunapiga makofi na kusema, "Huyo amezaliwa nayo." Mwingine akiinua mkono tunaanza kutabasamu hata kabla hajafungua kinywa.

Jambo hili lina hasara. Mwanzoni mwa mwaka uliopita wenzetu wengi wa kidato cha kwanza walijiunga na chama. Kufikia muhula wa tatu viti vyao vilikuwa vitupu. Nilipowauliza baadhi yao kwa nini waliacha kuja, walinipa jibu moja, utadhani walikuwa wamekaa kikao wakapatana: "Mimi sina mawazo." Basi makala haya nimewaandikia hao kwanza, kisha sisi tuliobaki. Nataka kueleza mawazo mapya hutoka wapi na mtu awezaje kuyakuza. Mengine nimeyasoma maktabani, mengine nimeyapata kwa walimu, na mengine nimeyaokota njiani, kwa maana sisi wa shule ya kutwa njia ni darasa letu la pili.

UBUNIFU NI NINI?

Watu wengi hudhani kwamba kubuni ni kutoa kitu mahali ambapo hapakuwa na kitu. Hiyo ni kazi ya Mungu peke yake. Binadamu yeye huchukua vitu viwili vya zamani vilivyokuwa mbalimbali, akavikutanisha, na hapo kikazaliwa cha tatu.

Hebu tuchukue mfano kutoka katika lugha yetu wenyewe. Neno "runinga" tunalitumia kila siku. Lilibuniwa na Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mtaalamu wa Kiswahili, mzaliwa wa Lamu, ambaye aliaga dunia mwaka wa 2017. Nabhany hakukaa chini akangoja neno lishuke kama mvua. Alichukua maneno mawili ya kale: "rununu", yaani habari zinazosikika kutoka mbali, na "maninga", yaani macho. Akakata huku, akakata kule, akaunga. Ikapatikana runinga: kitu kinachotuletea habari za mbali, tena tukaziona kwa macho. Maneno yote mawili yalikuwepo kabla yake. Lililokuwa jipya ni ule muungano.

Hata vijana wa matatu hufanya hivyo, ingawa najua walimu wetu hawapendi kusikia. Shilingi ishirini wanaiita "mbao", hamsini wanaiita "finje". Sisemi tuandike Sheng katika insha, la hasha. Nasema tu kwamba utingo anayeitwa mjinga aliyeshindwa na masomo anabuni maneno kila wiki, nasi tulio na kamusi mkononi tunasema hatuna mawazo. Je, si ajabu hiyo?

MAWAZO HUTOKA WAPI?

Kwa jinsi nilivyoona, wazo jipya lina wazazi watatu. Nitawaeleza mmoja mmoja.

Mzazi wa kwanza ni akiba. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini ukiliinamisha hakimwagiki kitu. Nabhany asingeweza kuunda neno runinga kama hakuwa na maneno ya kale kichwani. Vivyo hivyo mtu asiyesoma, asiyesikiliza na asiyetazama hawezi kubuni, hata angezaliwa na vipaji kumi.

Mfano mzuri ni wa kijana wa Malawi aitwaye William Kamkwamba. Nchi yao ilikumbwa na njaa kali mwaka wa 2001 na 2002. Wazazi wake wakakosa karo, naye akaacha shule akiwa na umri wa miaka kumi na minne, mdogo kuliko mimi ninavyoandika haya. Badala ya kukaa tu akaenda katika maktaba ndogo iliyokuwa karibu. Humo alikuta kitabu kuhusu nishati chenye picha za mitambo inayozungushwa na upepo. Kiingereza kilimpa taabu, lakini akaifuata michoro. Akakusanya baiskeli mbovu, feni ya trekta, mabomba ya plastiki na miti ya mkalitusi, vitu ambavyo watu walikuwa wameshavitupa au hawavijali. Majirani walidhani amerukwa na akili. Hatimaye mtambo ukazunguka na taa ikawaka nyumbani kwao. Nauliza, huyu alizaliwa akiujua mtambo wa upepo? Hapana. Alikuwa na kitabu, jaa la vyuma vikuukuu, na macho yaliyoviona viwili hivyo kwa pamoja.

Mzazi wa pili ni kero. Mawazo mengi mazuri huanza na kitu kinachosumbua. Mnamo 1941 mhandisi mmoja wa Uswisi, George de Mestral, alikuwa matembezini na mbwa wake. Waliporudi akakuta mbegu za gugu zimeng'ang'ania nguo zake na manyoya ya mbwa. Sisi sote tunaijua kero hiyo. Gugu lake halikuwa hili letu la kishonanguo, lakini tabia yao ni moja, na wenzangu mnaopitia vichochoroni asubuhi mnafika paredi sketi na suruali zimeota ndevu. Sisi huzing'oa mbegu hizo tukinung'unika, tukazitupa. De Mestral aliiweka moja chini ya hadubini akaona ina vikulabu vidogo vidogo. Kutokana na hapo akatengeneza ule ukanda wa kubandika na kubandua, ule unaolia "krrr" kwenye viatu na mikoba, unaoitwa Velcro. Wazo lilimjia siku moja, lakini kulikamilisha kulimchukua zaidi ya miaka kumi. Hilo nalo tulikumbuke tunapokata tamaa kwa sababu shairi limekataa kwa jioni moja.

Hapa kwetu Kenya kuna lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba na udongo uliochomwa ndani yake. Kero ilikuwa jiko la bati tupu, ambalo hupoteza joto kwa pembeni na kumaliza makaa upesi. Mapema miaka ya 1980 wataalamu na mafundi wa jua kali wa hapa nchini waliazima fikra kutoka jiko la Thailand, lililokuwa kama ndoo yenye udongo ndani. Hawakuliiga vile lilivyo. Walilibadilisha umbo, wakaweka udongo katika sehemu ya juu ambako moto hukaa, na wakalifanya liweze kutengenezwa kwa nyundo na mabati yanayopatikana hapa hapa. Leo limeenea nchini na hata nje. Ukiazima na kugeuza ili kufaa mahali pako, umebuni. Ukiazima bila kugeuza, umenakili.

Njiani nikielekea nyumbani kuna fundi mmoja anayetengeneza majiko, makarai na masanduku ya bati. Siku moja nilimwuliza, "Mzee, haya mawazo huyatoa wapi?" Akacheka, akaniambia, "Mwanangu, mimi huanza na kilichovunjika. Mama akiniletea jiko limetoboka, hunionyesha mahali ambapo jiko linalofuata litahitaji bati nene." Nikaona mzee huyo amesema kwa sentensi mbili jambo ambalo mimi nalihangaikia kurasa nzima.

Mzazi wa tatu ni kuatamia. Kuku akishataga hukalia mayai kwa siku ishirini na moja. Ukimwona utafikiri amelala tu, kumbe yumo kazini. Akili nayo iko hivyo. Henri Poincaré, mtaalamu mashuhuri wa Hisabati wa Ufaransa, alisimulia mwaka wa 1908 jinsi alivyokuwa amehangaika na fumbo moja gumu, kisha akasafiri na wenzake na kulisahau kabisa. Walipofika mji wa Coutances, mara tu alipokanyaga kidato cha gari (si kidato cha tatu, wenzangu!) jibu likamjia ghafla kichwani. Aliporudi nyumbani akalihakikisha kwa hesabu.

Kuna watu wakisikia kisa kama hiki husema, "Si unaona, mawazo huja yenyewe!" Hawa wamesahau mwanzo wa kisa. Poincaré alikuwa ametaabika kwanza. Maelfu ya watu wamepanda magari na hakuna fumbo lililowafungukia. Kuku asiyetaga hana cha kuatamia, hata akae kiotani mwaka mzima. Mpangilio ni kutaabika, kisha kupumzika, kisha kurudi na kuhakikisha. Anayeanza insha usiku wa kuamkia siku ya kuiwasilisha amejinyima siku za kuatamia, halafu anailaumu akili yake.

TUUKUZE VIPI?

Baada ya kuwajua wazazi hao, sasa tuone jinsi ya kuwasaidia. Nitataja mambo ambayo mwanafunzi yeyote wa shule yetu anaweza kuyafanya bila senti nyingi.

La kwanza ni kuwa na daftari la akiba. Chukua daftari la mwaka jana lenye kurasa zilizobaki nyuma. Kila siku andika jambo moja tu uliloliona au kulisikia: neno jipya la nyanya yako, jinsi muuza samaki anavyomshawishi mteja, maneno yaliyoandikwa nyuma ya matatu. Usichague yaliyo mazuri, andika tu. Haba na haba hujaza kibaba. Mwezi ukiisha utakuwa na mambo thelathini ambayo hayamo katika kitabu chochote cha mazoezi.

Hapa niseme jambo juu ya shule za kutwa. Tumezoea kujihurumia kwamba wenzetu wa mabweni wana masomo ya jioni, taa na maktaba kubwa, ilhali sisi tunafika nyumbani tumechoka na kuna maji ya kuteka na wadogo wa kuangaliwa. Ni kweli, na sitaki kuipamba shida. Lakini katika jambo la akiba sisi ni matajiri. Mwenzetu wa bweni huona ukuta ule ule miezi mitatu. Mimi kwa siku moja hupita soko, gereji, kanisa, msikiti, kituo cha polisi na daraja. Anayepita hayo yote macho yameganda ardhini ni kama mtu anayelala njaa juu ya gunia la mahindi.

La pili ni kulitupa wazo la kwanza. Wazo la kwanza aghalabu si lako, ni la kila mtu. Mwalimu akitupa insha yenye kichwa "Safari Yangu", darasa zima jua linachomoza, ndege wanaimba na mama anaandaa staftahi. Mwalimu anasoma jua hilo hilo likichomoza mara arubaini na tano! Nimewahi kumsikia mmoja akinong'ona mwenzake, "Nipe mwanzo wako niutumie, nitabadilisha ndege niweke majogoo." Siku hizi wengine wakifika nyumbani wanauomba mwanzo huo kwenye simu ya mzazi, na simu inawapa jua lile lile, limesuguliwa tu likang'aa zaidi. Jaribu hivi: andika mianzo mitano ya insha moja, kisha kata mitatu ya kwanza. Wa nne na wa tano hutoka mbali, na hapo ndipo sauti yako huanza kusikika.

La tatu ni kukubali kufungwa. Najua hili litawashangaza wengi, kwa sababu tunafikiri ubunifu ni uhuru wa kufanya upendavyo. Lakini tazameni ushairi. Shairi la kawaida la tarbia lina mishororo minne katika kila ubeti, mizani kumi na sita katika kila mshororo, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Wengi hulalamika kwamba vina vinawabana. Mimi naona vina ni mtu anayekushika mkono akakupeleka mahali ambapo usingefika peke yako.

Nitatoa mfano. Nilikuwa natunga shairi juu ya foleni ya maji mtaani kwetu. Kina cha mwisho nilichokichagua ni "-to". Nilikuwa na mto, nikawa na watoto, nikawa na ndoto, kisha nikakwama. Nikapitia maneno moja moja kama mtu anayetafuta funguo gizani, mpaka likaja neno "kokoto". Sikuwa nimelifikiria kamwe. Lakini mara nikakumbuka kwamba mtoto akichoka kusimama kwenye foleni ile huweka jiwe mahali pake, akaenda kucheza, na watu wazima huliheshimu jiwe lile kana kwamba ni yeye. Shairi langu likageuka. Badala ya kulalamikia serikali kama mashairi yote ya maji, likawa juu ya mawe yaliyosimama foleni badala ya watoto. Wazo hilo silikulitafuta. Kina ndicho kilichonipeleka.

Kwa mfano mkubwa zaidi, tumkumbuke Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa gerezani kwa ajili ya maandishi ya kisiasa kuanzia 1969 hadi 1972, akiwa bado kijana wa miaka ya ishirini. Humo hakuruhusiwa karatasi wala kalamu za kuandikia mashairi. Akayaandika kwa siri kwenye karatasi za choo. Mashairi hayo yakatoka kitabuni mwaka wa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata kitabu kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Mtu aliyenyimwa karatasi alituachia kitabu, na ndani ya kifungo kile akazishika pia sheria za vina na mizani bila kulazimishwa na askari. Basi mimi nikikosa taa jioni moja, nitasema nini?

La nne, na kwangu ndilo kubwa, ni kuacha kuyacheka mawazo ya wenzetu. Wazo likizaliwa huwa kama kifaranga: limelowa, halipendezi, halisimami sawasawa. Ukilikanyaga siku hiyo hutajua lingekuwa jogoo au tetea. Kuna mwenzetu mmoja ambaye aliwahi kupendekeza chamani tuigize mchezo ambamo wahusika ni vyombo vya jikoni vinavyomshtaki mpishi. Kicheko kilichotoka siku hiyo kilisikika hadi maabara. Hakurudi tena. Nimelifikiria wazo hilo mara nyingi tangu hapo. Sufuria iliyoungua ikitoa ushahidi, mwiko ukiapa, chungu cha zamani kikiwa hakimu! Kwa maoni yangu lilikuwa bora kuliko michezo yote tuliyoigiza mwaka ule, na sisi wenyewe tuliliua kwa dakika mbili.

Ningependekeza chama kiwe na kanuni moja: mtu akitoa wazo, wa kwanza kusema aongeze kitu juu yake kabla ya yeyote kulikosoa. Kukosoa kupo na ni lazima, maana hata Poincaré alihakikisha kwa hesabu. Lakini kuna wakati wa kutaga na wakati wa kuchagua mayai. Tukivichanganya viwili hivyo, hatutabaki na kuku wala yai.

Kwa walimu wetu, kwa heshima zote, nina ombi dogo. Mkitusahihishia insha, pamoja na alama za hijai na sarufi, tuwekeeni alama ndogo pembeni mahali mlipokutana na kitu ambacho hamjawahi kukisoma kwa mwanafunzi mwingine. Hata kama ni sentensi moja, na hata kama ina makosa. Alama hiyo itamwonyesha mtoto mahali kisima chake kilipo.

HITIMISHO

Sikatai kwamba watu hutofautiana. Kuna anayetunga upesi na anayetunga polepole, kama vile kuna mbegu inayoota kwa siku tatu na nyingine kwa majuma matatu. Lakini sijaona mbegu iliyoota bila udongo, wala sijaona mtu mwenye akiba, kero na subira ya kuatamia aliyebaki bila wazo hata moja. Kwa hiyo neno "sina mawazo" tulibadilishe. Tuseme, "Bado sijakusanya," au, "Bado nimeatamia." Hapo tutakuwa tumesema kweli.

Nanyi wenzangu mlioacha chama, mkutano ni Alhamisi baada ya masomo, katika chumba kile kile. Msilete mashairi yaliyokamilika. Kila mmoja aje na jambo moja tu aliloliona njiani siku hiyo, tuliweke mezani tulitazame pamoja. Na yule mwenye mchezo wa sufuria, kama unasoma haya, tafadhali njoo nao. Nafasi ya mwiko nimeshaiomba mimi.

Mwanachama, Kidato cha Tatu